Nyumba ya Mzee Athumani (kikundi cha familia)

JUMATATU

06:02 Shangazi Rukia: Asalamu aleikum nyumba ya Mzee Athumani. Mariamu ameitwa Chuo Kikuu cha Maseno, ualimu. Vigelegele tulishapiga, sasa ni kazi. Maombi ya pesa yanafungwa Ijumaa usiku.

06:04 Shangazi Rukia: Na msidhani kwa vile KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za chuo, wamempa nafasi basi pesa itafuata yenyewe. Nafasi ni nafasi, pesa inaombwa. Unaingia HEF, tovuti ya serikali ya pesa za chuo, unajaza fomu moja, inakuombea ufadhili na mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo, pamoja. Asipojaza, karo yote ni yetu.

06:05 Shangazi Rukia: Nahitaji vitambulisho vya wazazi wote wawili, wadhamini wawili na namba zao za simu. LEO.

07:40 Swaleh: Waaleikum salaam shangazi. Umeamka na kiboko 😂

07:41 Shangazi Rukia: Swaleh wewe ni mdhamini wa kwanza. Tuma kitambulisho.

07:41 Swaleh: Niko kwa boda shangazi, nashika usukani

07:42 Shangazi Rukia: Na unaandika kwa mguu?

09:15 Mama Mariamu: Shukran shangazi. Changu nimekutumia inbox.

09:16 Shangazi Rukia: Nimekiona mama. Mariamu ana laini yake? Iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Pesa ya matumizi haipiti kwa laini ya mama.

12:30 Shangazi Rukia: Mariamu?

12:30 Shangazi Rukia: Wote mmesoma. Naona. Anayejibu ni Swaleh peke yake na anajibu upuzi.

13:02 Swaleh: Shangazi hizo bendi ziko aje? Nasikia kuna bendi ya kwanza mpaka ya tano. Mimi niwekwe gani

13:05 Shangazi Rukia: Ya kwanza ni nyumba inayopata hadi 5,995 kwa mwezi. Serikali inatoa ufadhili 70%, mkopo 25%, nyumbani 5%. Ya pili ni hadi 23,670, ufadhili 60, mkopo 30, nyumbani 10. Ya tatu inafika 70,000, ufadhili 50, mkopo 30, nyumbani 20. Ya nne na ya tano hazituhusu.

13:06 Swaleh: 5,995?? Mimi nitafutiwe bendi sifuri, hiyo 95 ya mwisho nimeshakula chapati

13:07 Zubeda: 😂😂😂

13:07 Juma wa Butere: Swaleh chapati za Idd ulikula ngapi wewe, tuanzie hapo

13:09 Zubeda: Kumi na moja. Nilikuwa jikoni.

13:10 Swaleh: Uongo. Mbili zilikuwa za mtoto

13:31 Shangazi Rukia: MUMEMALIZA?

13:33 Shangazi Rukia: Tuseme kozi ni laki mbili kwa mwaka. Akiwekwa bendi ya pili, 120,000 ni ufadhili, hizo harudishi. 60,000 ni mkopo, atalipa akishamaliza, riba 4% kwa mwaka. Sisi 20,000. Na juu ya hiyo kuna mkopo wa matumizi 55,000 wa chakula na chumba. Akitupwa bendi ya tatu, sisi tunatoa 40,000. Sasa mnaelewa kwa nini napiga kelele?

18:47 Ami Rashid: Nimetoka kazini sasa. Hongera Mariamu. Rukia, kule kwenye shule ya msingi umejaza nini?

18:50 Shangazi Rukia: Shule ya msingi ya serikali. Ile ya pale Ekero.

18:51 Ami Rashid: Mariamu hakusoma Ekero.

18:51 Shangazi Rukia: Rashid.

18:52 Ami Rashid: Alisoma akademia ya kibinafsi kuanzia darasa la kwanza hadi la nane na karo nilikuwa nalipa mimi kutoka Nakuru. Risiti ninazo.

18:55 Shangazi Rukia: Hakuna anayekukatalia. Lakini fomu inauliza ulisoma wapi na nani alilipa. Ukiandika akademia wanaona nyumba tajiri. Mama yake anauza maharagwe stendi. Huo ndio ukweli wa leo.

18:58 Ami Rashid: Fomu inataka namba ya KCPE, mtihani wa darasa la nane. Hiyo namba ndani yake kuna shule. Unamdanganya nani? Jaza akademia, na mahali pa mlipaji weka ndugu wa baba. Akiwekwa bendi mbaya kuna rufaa, anaeleza hali ya nyumbani na anaonyesha karatasi. Akishikwa na uongo atajitetea kwa nini?

19:03 Swaleh: Si hata mahakama ilifuta hizo bendi?

19:06 Ami Rashid: Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo unakiuka katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo, kesi ikaendelea. Kwa hivyo jaza.

19:08 Shangazi Rukia: Sawa wakili. Nitabadilisha. Basi wewe uwe mdhamini wa pili.

19:20 Ami Rashid: Hapo ngoja kwanza.

19:21 Ami Rashid: Kila mara kuna kitu kwa Rashid. Lakini kwenye matanga ya Mzee nilisikia ikisemwa mbele ya watu kwamba mimi nilisomeshwa na ng'ombe mweusi na sijamrudisha.

19:22 Juma wa Butere: Yaani tumerudi kwa ng'ombe

19:22 Shangazi Rukia: Sikusema hivyo.

19:23 Ami Rashid: Ulisema. Mkopo wangu wa HELB nimelipa mwenyewe mpaka shilingi ya mwisho, na yule ng'ombe alilipia muhula mmoja tu.

19:25 Shangazi Rukia: Na maziwa yake yalikuwa ya nani? Tulikunywa chai ya rangi mwaka mzima hapa ndani. Usinifanye nianze.

19:26 Swaleh: Ng'ombe naye aongezwe kwa kikundi ajitetee

19:26 Zubeda: Swaleh 🙆🏾‍♀️

21:14 Mariamu: Shikamooni nyote. Samahani bando lilikuwa limeisha. Laini ninayo lakini ni ya jina la mama. Kesho asubuhi nitasajili yangu, kitambulisho kimetoka. Barua pepe nimefungua.

21:15 Mariamu: Ami asante kwa akademia. Mimi sijasahau.

JUMANNE

08:00 Shangazi Rukia: Niko saiba ya intaneti hapa Kondele. Nimefika ukurasa wa wazazi. Mama sawa. BABA.

08:03 Shangazi Rukia: Fomu inauliza baba yuko hai au amefariki. Hai, inataka namba ya kitambulisho. Amefariki, inataka cheti cha kifo.

08:04 Shangazi Rukia: Hamisi, uko humu ndani. Naona jina lako.

10:20 Shangazi Rukia: Hamisi

11:45 Mama Mariamu: Namba yake sina. Vitu vyake alipoondoka alibeba vyote.

11:52 Juma wa Butere: Si muandike tu alifariki? Kwa chifu barua inapatikana. Mtu hajaonekana tangu matanga

11:53 Swaleh: Barua ya chifu na cheti cha kifo ni vitu viwili bro

11:55 Juma wa Butere: Nasema tu. Yatima wanapewa ufadhili mkubwa

12:10 Ami Rashid: Juma, namba hizo wanazioanisha na rekodi za serikali. Mtu anaendesha lori kila wiki hapo mpakani Malaba, unamwandika marehemu?

12:11 Juma wa Butere: Kwa mtoto wake ako wapi?

12:30 Shangazi Rukia: Lakini Juma hajakosea sana. Hata mimi nimechoka. Kama hataki kuwa hai kwa fomu, basi.

13:48 Zubeda: Nimemsomea nyanya, Kukhu wetu, ujumbe wote. Amesema niandike kama anavyosema, nisipunguze:

13:52 Zubeda: "Mimi Kukhu wenu. Mume wangu nimemzika, na mtoto wangu mmoja nimemzika. Hamisi sijamzika. Amekosea, na mimi nimemwambia amekosea, lakini hamtamzika kwenye karatasi nikiwa ninapumua. Rukia, futa hayo maneno. Rashid, ng'ombe nilimuuza mimi, si Rukia, na sijawahi kukudai. Hamisi, wewe nilikulea kwa mgongo huu. Mtoto wako anakuomba namba, haombi pesa. Toa namba."

14:40 Shangazi Rukia: Nimesikia mama.

14:41 Ami Rashid: Nimesikia mama. Rukia, kitambulisho changu kiko inbox. Weka mdhamini.

14:43 Juma wa Butere: Samahani Kukhu.

16:05 Mama Mariamu: Asante Kukhu.

16:30 Shangazi Rukia: Haya, tukiwa bado na akili. Sehemu yetu tutaitoa vipi? Hata ikiwa 20,000. Mimi naanza na 3,000. Fomu ya basari ya CDF, mfuko wa eneo bunge, pia Mariamu achukue ofisini, isitegemewe lakini.

16:58 Ami Rashid: Tuone kwanza bendi, ndipo tuahidi.

17:00 Shangazi Rukia: Bendi itatoka wakati shule inafunguliwa Rashid. Ahidi sasa.

17:31 Swaleh: Mimi nitambeba kwa boda siku ya kuripoti. Mizigo bure

17:32 Shangazi Rukia: Na kitambulisho?

18:10 Swaleh: Kiko kwa koti lingine

JUMATANO

05:17 Hamisi: [picha]

05:17 Hamisi: Niko foleni hapa Malaba. Mwambie mtoto hongera.

05:31 Shangazi Rukia: Alhamdulillahi. Hamisi shukran.

05:33 Shangazi Rukia: Hamisi umeshika kitambulisho kwa kidole gumba. Namba mbili za mwisho hazionekani. Piga tena.

05:34 Shangazi Rukia: Hamisi?

05:50 Ami Rashid: Nimempigia. Hapatikani.

06:20 Juma wa Butere: Si ujaribu zote kutoka 00 hadi 99

06:21 Shangazi Rukia: Juma nyamaza.

06:24 Mariamu: Shangazi mimi nimeiona picha. Amefuga ndevu.

06:40 Zubeda: Kukhu ananiuliza kama amekonda.

06:41 Shangazi Rukia: Mwambie uso hauonekani sawa, ni usiku. Amekonda hajakonda, kidole kiko juu ya namba na leo ni Jumatano. Nani ana namba ya turnboi wake, yule msaidizi wa lori?