Je, niondoke au nibaki? Mgeni katika nchi inayokaribia uchaguzi wenye mvutano

Mwalimu Ugenini anauliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninafundisha katika nchi ya kigeni ambayo kwa usalama wangu sitaitaja. Uchaguzi mkuu utafanyika baada ya wiki tano. Mikutano miwili ya kampeni imekwisha kutawanywa kwa mabomu ya machozi, na majirani ambao tangu nilipohamia hapa walizungumza nami bila kificho sasa hunyamaza siasa inapotajwa. Ninaishi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Pasipoti yangu iko idara ya uhamiaji, ambako kibali changu cha kazi kinahuishwa, na mwajiri anasisitiza kwamba masomo yataendelea kama kawaida. Mume wangu anataka tuondoke sote mara moja. Mimi nahofia kuvunja mkataba, na pia naona vigumu kuwaacha wanafunzi wangu kwa sababu ya jambo ambalo huenda lisitokee. Ninyi mliopitia hali kama hii mliamuaje, na mlijiandaa vipi?

Aliyerudi Salama anajibu:

Dada, pole kwa wasiwasi huo, na nakuomba usiuone kuwa ni woga. Wageni wengi huiogopa siku ya kupiga kura, ilhali siku hiyo mara nyingi hupita kwa utulivu kwa kuwa kila upande bado una matumaini ya kushinda. Kipindi cha kuogopa ni kile cha kusubiri matokeo na siku zinazofuata baada ya kutangazwa. Nchini Kenya watu walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Ghasia zililipuka mshindi alipotangazwa tarehe 30, na hadi zilipotulia mwaka uliofuata watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa. Nchini Côte d'Ivoire duru ya pili ilifanyika tarehe 28 Novemba 2010, lakini vita vya kuugombea mji wa Abidjan vilifika kilele mwezi Aprili 2011, zaidi ya miezi minne baadaye. Kwa hiyo, mtu anayekwenda likizo wakati wa kura na kurudi siku mbili baadaye anaweza kuwa ameikimbia siku ya amani akarudi siku ya vurugu. Tiketi ya kurudi iwe ya tarehe inayoweza kubadilishwa.

La pili ni kwamba uamuzi wa kuondoka haufai kufanywa milio ya risasi ikisikika. Kaeni sasa, wewe na mumeo, mwandike ni dalili zipi zikitokea mtaondoka bila kujadiliana tena: labda shule kufungwa ghafla, mashirika ya ndege kuanza kufuta safari, au ubalozi kuwaondoa watumishi wasio wa lazima. Nchini Gabon kura zilipigwa tarehe 26 Agosti 2023, intaneti ikakatwa, na alfajiri ya tarehe 30, muda mfupi baada ya matokeo kutangazwa, wanajeshi walitwaa madaraka na kufunga mipaka. Aliyekuwa akisubiri kuona mambo yatakavyokwenda hakuwa tena na njia ya kutokea.

Karani wa Zamani anajibu:

Nilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya huduma za kikonseli, yaani huduma ambazo ubalozi huwapa raia wake walio ugenini, na kilichonishtua katika maelezo yako ni pasipoti. Lishughulikie hilo kabla ya jambo lingine lolote. Iombe idara ya uhamiaji ikurudishie kwa muda, au angalau ikupe barua yenye mhuri inayothibitisha kwamba wanayo na kwamba maombi yako yanashughulikiwa. Hilo likishindikana, uliza ubalozi wako mapema kuhusu hati ya dharura ya kusafiria. Ubalozi unaweza kuitoa, lakini hauwezi kuitoa ukiwa umefungwa, na katika juma la vurugu ofisi nyingi hufungwa.

Jiandikisheni ubalozini nyote watatu, kwa anwani na namba za simu zinazotumika. Hata hivyo, msitarajie ubalozi ufanye yaliyo nje ya uwezo wake. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963 inampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe bila kuchelewa, na maofisa wake wana haki ya kumtembelea. Hawana mamlaka ya kumtoa rumande, wala si wajibu wao kumlipia nauli. Kama mmoja wenu ana uraia wa nchi hiyo pia, mjue kwamba wenyeji wanaweza kumhesabu kuwa raia wao na kukataa maofisa wa kigeni wasimwone.

Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu niliwaona vijana wazuri wakiingia matatani: usipige picha za askari, vituo vya kura wala maandamano, usivae rangi za chama chochote, na usisambaze matokeo ambayo tume haijayatangaza, hata katika kundi dogo la marafiki. Ujumbe wa mzaha unaweza kusomwa kwenye kizuizi cha barabarani na mtu asiye na mzaha.

Mama Wawili anajibu:

Mimi nilibaki, na sijutii, ingawa nisingemshauri kila mtu abaki. Tulikaa ndani siku tisa. Kilichotuokoa ni maji, dawa, chakula kisichohitaji jokofu na fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa malipo ya simu na mashine za benki vilisimama pamoja na mtandao. Msidhani kukatwa huko ni kwa saa chache tu: nchini Uganda mwezi Januari 2021 intaneti ilizimwa usiku wa kuamkia uchaguzi ikarudi baada ya siku kama tano, na nchini Kongo, baada ya kura ya tarehe 30 Desemba 2018, watu walikaa karibu wiki tatu bila mtandao. Andikeni namba muhimu kwenye karatasi, pakueni ramani mapema, na mtafute redio ya betri.

Someni pia bima yenu neno kwa neno. Yetu ilikuwa imeondoa hasara zote zinazotokana na ghasia, nasi tuliligundua hilo tukiwa tumekwisha kujifungia.

Mwalimu Ugenini:

Nawashukuru sana. Jana nilirudishiwa pasipoti pamoja na barua ya idara. Mwajiri, nilipomwomba aandike kwamba anabeba dhamana ya usalama wetu, alikubali nifundishe kwa mbali kwa wiki sita. Mume wangu na mtoto wataondoka siku kumi kabla ya kura, nami nitawafuata siku nne baadaye, mitihani ikimalizika. Tumeandika dalili tatu ambazo mojawapo ikitokea kabla ya hapo nitaondoka siku hiyo hiyo, mitihani iwe imekwisha au haijaisha. Karatasi hiyo imebandikwa mlangoni kwa ndani.