Ulinganisho: The League of Gentlemen, Inside No. 9 au The Office ya Uingereza kwa watazamaji wasio Waingereza?

Mwanamtoni
Wakuu, salaam. Ninakusudia kununua mkusanyiko mmoja wa DVD kabla ya mwezi huu kwisha, na fedha niliyotenga inatosha mmoja tu. Katika orodha yangu imebaki mifululizo mitatu ya televisheni ya Uingereza: The League of Gentlemen, ambayo BBC Two ilianza kuirusha mwaka 1999, The Office ya asili, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, iliyorushwa kati ya 2001 na 2003, na Inside No. 9, iliyoanza 2014 na kumalizika 2024. Yote mitatu ni ya vichekesho vichungu, yaani vile vinavyotafuta kicheko ndani ya kifo, aibu na ukatili. Ninaomba ulinganisho kutoka kwa waliovitazama pamoja na watu ambao hawakukulia Uingereza, kwa sababu sifa nyingi ninazozisoma zimeandikwa na Waingereza wenyewe.

Karani Mstaafu
Ndugu Mwanamtoni, swali ni zuri lakini umelileta nusu. Watakaotazama ni akina nani, wana umri gani, na Kiingereza chao kimefika wapi? Watatazama pamoja sebuleni, au kila mtu kwa wakati wake? Tena una mashine ya aina gani? DVD zinazouzwa Uingereza ni za Kanda ya 2, wakati Afrika Mashariki imewekwa Kanda ya 5, kwa hiyo mashine ambayo haikufunguliwa kwa kanda zote itazikataa hata kama umekwisha kuzilipia. Usipotueleza hayo, kila mwanachama atakutajia anachokipenda yeye.

Nyota ya Kilimani
Kwangu mimi jibu ni The Office, na sababu yangu ni jinsi ilivyosafiri. Januari 2004 ilipata tuzo ya Golden Globe ya mfululizo bora wa vichekesho, na Gervais akapata ya mwigizaji bora. Mwaka 2005 NBC ikaanza toleo la Marekani lililofikisha vipindi 201, ilhali la Uingereza lina vipindi 12 na viwili vya Krismasi. Ujerumani, Ufaransa, Chile, Israel, Finland na Saudia nazo zimetengeneza ofisi zao. Kipindi cha kwanza kabisa kina tukio ambalo halimlazimu mtu kujua mji wa Slough, ilipo ofisi hiyo, uko wapi: bosi David Brent, akitaka kumfurahisha kijana aliyekuja kufanya kazi ya muda, anamwita Dawn wa mapokezi na kumwambia kwamba amefukuzwa kazi kwa kuiba vikaratasi vya kunata. Dawn analia, Brent anasema ulikuwa mzaha, na kamera haiondoki, wala hakuna kicheko cha watazamaji cha kukuokoa. Bosi wa namna hiyo tunaye hapa Nairobi, na nina hakika yuko Riyadh na Helsinki.

Bint_Sur
Dada Nyota, ushahidi wako mimi unanipeleka upande mwingine. Toleo la Marekani lilianza kwa kuunakili kipindi cha kwanza cha Uingereza karibu neno kwa neno, pamoja na tukio hilo la vikaratasi, na msimu ule wa vipindi 6 haukupendwa sana. Kuanzia msimu wa pili waandishi walimlainisha bosi wao, Michael Scott. Wakampa huruma, wakaonyesha kwamba kuuza karatasi anakuweza, na hapo ndipo Wamarekani walipomkumbatia. Walichokipokea ni nyumba iliyopakwa rangi upya. Wajerumani nao, katika mfululizo wao wa Stromberg wa 2004 hadi 2012, walimwacha bosi wao akiwa mbaya vilevile na wakampenda hivyo hivyo. Kwa hiyo tusizungumze juu ya "mgeni" kana kwamba wageni wote ni mtu mmoja.

Mimi ninampa Mwanamtoni The League of Gentlemen. Ilishinda tuzo ya televisheni ya Waridi la Dhahabu huko Montreux, Uswisi, mwaka huohuo wa 1999, mbele ya waamuzi wa mataifa mbalimbali. Mji wake wa kubuni, Royston Vasey, uliopigwa picha Hadfield katika jimbo la Derbyshire, unaogopa kila anayetoka nje. Edward na Tubbs wana duka lao juu ya kilima, na mteja akiingia wanamuuliza kama ni wa hapo. Asipokuwa wa hapo, huenda asitoke. Nimeishi Uingereza kabla ya kurudi Muscat, nami nawaambia kwamba mtu aliyewahi kuulizwa mara mbili mfululizo anatoka wapi "hasa" atalielewa duka lile kuliko mwenyeji yeyote. Sisi tunacheka tukiwa upande wa mteja.

Mkaazi_wa_Leipzig
Dada Bint_Sur amewagusa Wajerumani, basi niongeze. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 televisheni za huku hurusha kila mkesha wa Mwaka Mpya mchezo mfupi wa Kiingereza uitwao Dinner for One, uliorekodiwa na kituo cha NDR mjini Hamburg mwaka 1963, ukiigizwa na Waingereza wawili, Freddie Frinton na May Warden. Bibi Sophie anatimiza miaka 90 na meza imeandaliwa kwa marafiki zake wanne, ambao wote wamekwisha kufa. James, mtumishi wake, anaizunguka meza akinywa glasi ya kila marehemu kwa niaba yake, kozi baada ya kozi, na karibu kila mzunguko anajikwaa kwenye kichwa cha ngozi ya chui milia iliyotandikwa sakafuni. Mjerumani anautangulizia maelezo mafupi, halafu mchezo mzima ni Kiingereza bila tafsiri. Babu, wajukuu na majirani wanacheka pamoja, na Uingereza kwenyewe haukuonyeshwa kwenye televisheni mpaka 2018.

Nakusudia kusema kwamba kifo si kizuizi. Mgeni anapotea pale kicheko kinapokaa ndani ya lafudhi, tabaka la mtu au jina la duka. Ndiyo maana mimi ninapendekeza Inside No. 9, ambayo kila kipindi ni hadithi yake. Kipindi chake cha pili cha 2014, A Quiet Night In, kina wezi wawili wanaoingia katika nyumba ya kifahari kuiba mchoro huku wenye nyumba wakigombana, na karibu chote hakina maneno. Nimekitazama na Mrusi, Mvietinamu na Mkongomani katika chumba kimoja, na sikuona aliyebaki nyuma.

Mwakaleli
Naomba mniruhusu nieleze yaliyotupata, maana Inside No. 9 si ya kupendekezwa kwa jumla namna hiyo. Nilipokuwa nasoma kaskazini mwa Uingereza, mwenyeji wetu mmoja, mtu mwema kabisa, alitualika wanafunzi wa kigeni ambao hatukuweza kwenda makwetu wakati wa Krismasi. Tulikuwa Watanzania wawili, Mghana, mume na mke kutoka India, na binti wa Peru. Baada ya chakula akatuwekea The 12 Days of Christine, kipindi cha msimu wa 2015, akisema tu kwamba ni kichekesho maarufu. Mwanzo tulicheka sote: Sheridan Smith anarudi nyumbani kutoka kwenye sherehe amevaa kama mtawa, amefuatana na kijana aliyevaa kama mzimamoto, na mazungumzo yao ni mepesi na ya kupendeza. Kisha mambo yanaanza kwenda kombo kidogo kidogo, mayai yanavunjika bila sababu, siku zinarukana, na mwishowe unaelewa kwamba ulichokuwa ukitazama ni ajali ya gari tangu mwanzo.

Mghana wetu alikuwa amempoteza dada yake barabarani karibu na Kumasi mwaka uleule, na alimzika kwa simu kwa sababu hakuwa na nauli. Alitoka nje akasimama barazani bila koti. Mwenyeji akabaki akitueleza, kwa nia njema, kwamba wengi wanakihesabu kipindi kile miongoni mwa vilivyo bora kabisa nchini mwao, na kwamba mkato wa mwisho ndio uzuri wake. Hakuna aliyemjibu. Yule mama wa Kihindi alimwuliza kwa nini kimeitwa kichekesho, na hakupata jibu la kumridhisha. Kazi yenyewe ninaiheshimu, nimeitazama tena peke yangu na nikaona ustadi wake. Lakini Mwingereza akisikia "kichekesho" cha waandishi wa Inside No. 9, anajua kwamba huenda akapelekwa msibani. Mgeni hajapewa taarifa hiyo.

Kisima77
Kaka Mwakaleli, pole kwa yaliyompata mwenzenu, lakini umetufichulia mwisho wa kipindi ambacho wengine hatujakitazama, na hilo nalo ni kosa dhidi ya wageni. Tuendelee. Nashangaa Blackadder, mfululizo mwingine wa vichekesho wa Uingereza, haimo katika orodha. Msimu wa nne, wa 1989, uko ndani ya mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1917, na kipindi chake cha mwisho kinamaliza kwa askari wale kutoka handakini kuelekea kwenye risasi. Hapo huhitaji kuonywa, kwa kuwa vita unaiona tangu dakika ya kwanza. Tena Kiswahili kimetajwa humo.

Nyota ya Kilimani
Kimetajwa vibaya, Kisima77. Kapteni Blackadder anasema kwamba kabla ya vita alikuwa na miaka 15 ya jeshi ambayo alijifunza kuagiza kinywaji na kuuliza swali la aibu kwa Kiswahili. Anamkumbusha Jenerali Haig, mkuu wa jeshi la Uingereza vitani, jinsi alivyomwokoa mwaka 1892, kwenye bonde la Mboto, kutoka kwa mwanamke wa kimbilikimo aliyeshika embe lililochongwa. Waingereza wanaangua kicheko, na mimi ninauona uso wa bibi yangu. Ikiwa tunauliza jinsi vichekesho hivi vinavyopokelewa na wageni, basi tukumbuke kwamba wageni wengine ndio waliofanywa kichekesho.

Karani Mstaafu
Mwanangu Nyota, uchungu wako ninauelewa, lakini lisikilize sharti analolitaja kapteni yuleyule: kwamba katika vita vya Waingereza alivyovipenda, adui asiwe na bunduki kwa hali yoyote ile. Anayevuliwa nguo pale ni jeshi lililojipatia nishani kwa kuwapiga watu wenye maembe, kisha likashtuka lilipokutana na Wajerumani wenye mizinga. Sisi ambao Kariakoo na Kariokor zetu zimepata majina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vilevile, waliokufa kwa maelfu wakibebeshwa mizigo ya watu wengine, tuna haki ya kucheka kicheko hicho kwa sauti kubwa zaidi yao. Ninachowalaumu waandishi ni kwamba mpagazi huyo hawakumwona hata kidogo.

Nyota ya Kilimani
Shikamoo mzee. Nimekusikia kuhusu jeshi, na hapo ninakubali. Kuhusu yule mwanamke sikubali, kwa sababu hakupewa jina wala neno.

Mwanamtoni
Wakuu, nashukuru, na niwatimizie niliyoyaacha. Watazamaji ni mke wangu, shemeji zangu wawili wenye umri wa miaka ishirini na kitu, na Jumapili nyingine mama mkwe wangu huwa yupo. Kiingereza chao ni cha shule. Tunatazama pamoja sebuleni. Kuhusu kanda ya mashine nitaangalia.

Mkaazi_wa_Leipzig
Mama mkwe! Hilo ndilo lilikuwa la kusema kwanza, kaka. The League of Gentlemen iondoe leo hii. Kuna bucha anayeuza nyama ya siri, kuna matusi ya mwili, na kuna mhusika aitwaye Papa Lazarou aliyepakwa uso rangi nyeusi, ambaye kwa ajili yake Netflix iliuondoa mfululizo huo mwaka 2020. Utakaa wapi?

Bint_Sur
Papa Lazarou simtetei, na kwa mama mkwe nakubali kushindwa. Lakini Inside No. 9 nayo uichague kipindi kwa kipindi, ndugu Mwanamtoni. Shemeji zako wasivutwe na jina la Zanzibar, kipindi cha kwanza cha msimu wa nne, cha Januari 2018. Ni jina la hoteli tu, na mazungumzo yote yametungwa kwa mizani ya mashairi ya Shakespeare, kwa hiyo Kiingereza cha shule hakitawavusha. A Quiet Night In, kwa upande wake, ina watu wanaouawa na mambo ya chumbani. Haina maneno, lakini ina macho.

Kisima77
Maandishi ya chini ya skrini hayasaidii? Au sauti ya Kiswahili ingeingizwa?

Mkaazi_wa_Leipzig
Sauti ikibadilishwa, kichekesho nacho hubadilika. Fawlty Towers ya 1975 ina mhudumu Manuel anayetoka Barcelona, naye kila saa anapigwa na kutukanwa na mwenye hoteli. Ilipoingizwa sauti kwa ajili ya Hispania, Manuel akageuzwa Mwitaliano, ili Mhispania asijione anapigwa kofi sebuleni kwake. Waliomsikia hivyo walicheka, ila walimcheka jirani.

Mwakaleli
Wasimuliaji wa vibanda umiza wangeiweza kazi hii kuliko studio yoyote, kwa kuwa wao humwambia mtazamaji waziwazi: sasa huyu anadanganywa, angalieni. Lakini vichekesho hivi vinaishi kwa ukimya. Brent anapomwangalia Dawn akilia, msimulizi akisema neno lolote, tukio limekufa.

Kisima77
Sikubaliani. Msimulizi mzuri anajua kunyamaza. Nimewasikia wakinyamaza.

Tumaini_Goma
Habari za jioni. Mnazungumza kana kwamba wote tunapitia Kiingereza. Sisi huku tulifikiwa na The Office kwa njia ya Le Bureau, toleo la Kifaransa la kituo cha Canal+, la 2006, ambayo François Berléand ndiye bosi, na iliishia vipindi 6. Niliitazama na wafanyakazi wenzangu, na aibu ya mkubwa anayejidhalilisha mbele ya wadogo iliwaumiza zaidi ya kuwachekesha. Mmoja aliomba tuzime, kwa kuwa alimwonea huruma yule bosi. Ndugu Mkaazi wa Leipzig, katika kile chumba chako, yule Mkongomani alicheka mahali gani hasa, kwa wezi au kwa wenye nyumba?

Mkaazi_wa_Leipzig
Alicheka kwa wezi mpaka mtu wa kwanza alipouawa, kisha akanyamaza, na Mrusi ndiye aliyeanza kucheka hapo.