Nimeweka presha 30 psi karibu na walivyoandika lakini klia inatoka ganda la chungwa, nakosea wapi?

kijana_wa_boneti
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijalitupa hili gani la kupulizia rangi. Najifunza kupiga rangi gari, nimeanza na boneti chakavu ili nikiharibu nisilie sana. Gani ni HVLP nozo milimita 1.3, kompresa ndogo ya lita 50, mpira wa upepo mita 15 ule mwembamba. Karatasi iliyokuja na gani inasema 29 psi, mimi nikaweka 30 kwenye regulata (ile ya kurekebisha presha) ya kompresa nikaanza kazi. Base (rangi yenyewe) imelala vizuri tu, shida klia (ile ya juu isiyo na rangi), imetoka mabonde mabonde kama ganda la chungwa na nusu ya pili ya boneti ni mbaya kuliko niliyoanzia. Nikapandisha 35, sioni tofauti. Kila ninayemuuliza ana namba yake, huyu 25, huyu 40, sasa nimshike nani?

mzee_wa_gani
Weka 45 umalize, mi nimepiga hivyo miaka yote na gari zinang'aa

Mama Msasa
Mzee wangu shikamoo, lakini hiyo 45 ni ya gani zile za zamani, conventional. HVLP maana yake upepo mwingi presha ndogo, pale kwenye kepu inakotokea rangi presha haitakiwi kuzidi 10 psi, ndo maana kwenye kuingilia wanakwambia 26 mpaka 29 hivi. Ukimsukumia 45 rangi inagonga bati inarudi, nusu inaishia hewani na klia inafika imeshakauka, unapata uso mkavu kama umemwagiwa vumbi.

Sasa kijana, hiyo 30 yako umeisoma wapi na wakati gani? Kwenye kompresa tena triga haijabonyezwa, si ndio? Basi hiyo sio presha ya gani. Upepo ukisafiri mita 15 kwenye mpira mwembamba unapoteza presha njiani, ukifika kwenye zile kwiki kapla za kuunganishia mpira unabanwa tena, hapo kwenye mkono wa gani inaweza kuwa 20 au chini ya hapo. Funga geji ndogo chini ya gani, bonyeza triga mpaka mwisho, halafu HUKU UMESHIKILIA mwambie mtu akurekebishie regulata mpaka geji isome 29. Ukiachia triga itapanda, usiiguse, acha hivyo hivyo. Na kama geji yako ina kivalvu cha kupunguza kifungue chote, nacho kinabana.

kijana_wa_boneti
Shikamoo mama, nilisoma pale kwenye kompresa na triga sijabonyeza kabisa 😅 Ila sasa mbona nilipopandisha 35 hakikubadilika kitu?

upepo_safi
Nijibu hilo mimi. Nusu ya kwanza nzuri nusu ya pili mbaya, hiyo ni kompresa imeishiwa mkuu, wala sio namba. HVLP nyingi zinataka kama lita 300 na zaidi za upepo kwa dakika, hako ka lita 50 kanatoa nusu ya hapo siku kakijitahidi. Unaanza tanki limejaa raha, baada ya sekunde kadhaa limeshuka na regulata haiwezi kukupa kitu ambacho tanki halina, hata ungeiandikia 90. Matone yanakuwa makubwa, yanatua hayajasambaa, ndio hilo ganda lako. Cha kufanya kwa sasa badilisha mpira uweke wenye tundu la ndani milimita 10 na kapla za tundu kubwa, halafu piga mpigo mmoja, achia triga ukigeuza mkono, ukiona geji inashuka subiri tanki lijae. Ukiwa na hela baadaye tafuta kompresa kubwa au gani ya LVLP, inakula upepo kidogo.

Na mwaga maji ya tanki kila siku jamani! Maji yenye mafuta yakipita kwenye mpira utapata vitundu vya macho ya samaki uanze kulaumu klia bure.

Mama Msasa
Kweli kabisa. Kingine usiamini geji peke yake, zingine zinadanganya. Bandika boksi ukutani, simama sentimita 15 hadi 20, bonyeza mara moja uachie. Uone yai refu lililojaa sawasawa. Likiwa zito katikati na matone makubwa, presha ndogo au klia nzito. Likijaa juu na chini katikati kweupe kama namba 8, upepo umezidi rangi. Likipinda kama ndizi usiguse presha, kuna kitundu kwenye pembe ya kepu kimeziba, kioshe. Ukianza chini panda 2 psi kila mara, ukifika pale matone hayazidi kuwa madogo, simama hapo hapo.

Halafu ukija kupiga metaliki (rangi yenye chembe za kumeta) presha moja gari zima, ukipandisha katikati ya kazi mlango utatoka mweupe kuliko boneti, rangi ile ile ya kopo moja.

mzee_wa_gani
Marahaba binti. Mi gani langu ni la zamani kweli, nilisahau hawa vijana wanatumia hizi mpya. Dogo hiyo klia yenye hadna (kile cha kuigandisha) isikuue, barakoa ya kitambaa sio kitu, vaa ile ya kuletewa hewa safi kwa mpira.

kijana_wa_boneti
Mrejesho wakuu. Nimefunga geji, ile 30 yangu ilikuwa 17 triga ikiwa chini!! Nimebadili mpira na kapla, regulata sasa inasoma 38 ndo napata 28 kwenye gani. Nimepiga fenda kwa kusubiri subiri, imelala kama kioo isipokuwa kona moja niliyoharakisha. Boneti je, nikwangue yote?

Mama Msasa
Hapana, iache ikauke vizuri, piga msasa wa maji 1500 kisha 2000, polishi. Kingoni usisugue sana, klia huko ni nyembamba.