RCD inakata kila mvua ikinyesha: naanzia wapi na testa na multimita?

Muuliza (Mikindani)
Wakuu, habari zenu. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi RCD ya 30 mA (swichi inayokata umeme ukivuja) inakata na haipandi. Mchana jua likikausha, inakaa. MCB zote (swichi ndogo za kila laini) nimeshusha, bado inakata. Nimeambiwa RCD ni mbovu. Ni kweli?

Fundi, Shangani
Usinunue RCD bado, mkuu. MCB za kawaida hukata fezi (waya unaoleta umeme) peke yake, nyutro (waya wa kurudisha) inabaki imeungwa. Nyutro ikivujia kwenye ethi (waya wa ardhi) kupitia unyevu, RCD inaweza kukata hata MCB zikiwa chini zote.

Pima asubuhi, kabla jua halijakausha. Chomoa vifaa vyote, zima meinswichi, hakikisha kwa multimita kuwa umeme umekatika. Nyaya zinazoingia juu ya meinswichi bado zina umeme, usiziguse. Fungua nyutro moja moja kwenye baa (ukanda wa chuma zinakofungwa), uziwekee namba. Weka multimita kwenye omu, pima kila nyutro na baa ya ethi. Nzima haisomi kitu (skrini huonyesha OL, si sifuri). Kisha pima fezi za chini ya MCB vilevile, swichi za taa zikiwa zimewashwa, la sivyo waya unaopanda kwenye taa hujaupima.

Hesabu yake kwa fezi: 230 V kwa 30 mA ni kama omu 7,700. RCD nyingi hukata kabla ya hapo, kwa hiyo hata fezi inayosoma omu 12,000 itilie shaka. Nyutro huwa na volti chache tu, kwa hiyo inayokata RCD husoma omu chache zaidi.

Mdau, Lindi
Naongezea: multimita hupima kwa betri ndogo, uvujaji mdogo unaipita. Zikisoma vizuri zote, azima mega (kipimo cha uvujaji kwa volti kubwa) ya 500 V. Isisome chini ya megaomu 1. Toa balbu za LED kwanza, zinaweza kuungua. Testa usiitegemee hapa: huwaka hata kwa umeme wa kuazima kutoka waya wa jirani.

Muuliza
Nyutro ya taa za nje inasoma omu 40.

Fundi, Shangani
Ndiyo hiyo. Ifungue kwenye boksi la katikati, upime kila nusu, hadi ubaki na kipande kimoja. Anza na holda ya barazani: ukikuta skrubu zina kutu ya kijani, ni chumvi ya bahari, badilisha holda yote, tepu haitoshi. Waya uingie kwa chini, na boksi likae juu ya ukuta, lisizamishwe; mawe yale hunyonya maji.