Felloshipu ya utamaduni wa Kipunjabi na mila za Kisikh, mtu wa Moshi aombe?

Binti_Rau: Habari wakuu. Nimemaliza PhD ya historia juzi juzi tu, nimeona nafasi ya utafiti kwa sisi tunaoanza, mada ni Punjab na Masikh. Mi si Mhindi, Kipunjabi sijui hata salamu, ila nimekua naona makalasinga hapa mjini tangu mdogo. Niombe au najichosha?

Mzee_wa_Kijenge: Omba binti yangu! Watu wanadhani Usikh ni Amritsar tu, mji wao mtakatifu kule India, wakati mafundi wa Punjab walishaletwa huku kujenga reli ya Mombasa tangu 1896, seremala, wahunzi, waashi, na wengi hawakurudi kwao. Hiyo ndo mada yako, wenzako wa Uingereza na Canada hawana hayo mazingira.

Dada_Njiro: Naunga mkono ila lugha usiikwepe. Anza na Gurmukhi, yaani maandishi ya Kipunjabi, herufi za msingi ni 35 tu. Ukishindwa kusoma utategemea tafsiri za watu na kamati itaona. Halafu nenda gurdwara, nyumba ya ibada ya Masikh, funika kichwa, vua viatu, kaa chini ule langar, chakula cha pamoja, na wengine, hakuna anayekuuliza dini wala kabila na hela hawachukui, wamefanya hivyo tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa Usikh. Ukimaliza omba kuosha vyombo, hapo jikoni wamama wazee watakusimulia mambo ambayo kwenye makavazi huyapati.

Binti_Rau: Asanteni sana. Jumapili naenda.

Mzee_wa_Kijenge: Nenda na daftari, ila omba ruhusa kwanza kabla hujarekodi.