Njiwa wa Furaha: gumzo la majirani wa Kadutu, Bukavu

Mama Furaha (Jumanne, saa 12:40 jioni): Jambo majirani. Paka amemkamata njiwa wa Furaha kwenye ngazi za nyuma, na ingawa tulimnyang'anya upesi, chini ya bawa la kushoto kumebaki jeraha lenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Damu imekoma, lakini anahema mdomo wazi. Mtoto analia, nami sijui nianzie wapi.

Bibi Nabintu: Poleni sana, mwanangu. Mvua ya leo imeleta baridi. Msogeze karibu na mbabula, yaani jiko la makaa, umtilie maji ya sukari mdomoni kwa kijiko apate nguvu.

Papa Amani: Bibi, kuhusu joto umesema kweli, kwa sababu mwili wa njiwa huwa na takriban nyuzi 41, wakati wetu una 37, na ndege aliyejeruhiwa hupoteza joto hilo haraka. Hata hivyo, moshi wa makala unaweza kumuua kabla ya jeraha. Mama Furaha, mweke kwenye katoni yenye matundu, tandika kitambaa, kisha pembeni weka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, ili akiona joto limezidi aweze kusogea. Maji usimtilie kabisa, kwa maana tundu la pumzi la ndege liko nyuma tu ya ulimi, na tone likipotea njia huingia kwenye mapafu. Funika katoni, mwache gizani kwa saa moja, na mwombe Furaha asimfunue kila dakika.

Mama Neema: Majirani, huyo ni paka wangu. Naomba radhi kwako Mama Furaha, na kwa mtoto pia. Je, tundu dogo kama hilo haliwezi kujifunga lenyewe?

Papa Amani: Litajifunga, na hapo ndipo hatari ilipo. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Huingiza vijidudu ndani kabisa, hasa vile viitwavyo Pasteurella, halafu ngozi hufunga juu yake. Nimewahi kuletewa ndege aliyeonekana mzima jioni, akafa siku ya pili. Kwa hiyo anahitaji antibiotiki kesho asubuhi. Tafadhali, mtu asifungue kapsuli ya watu akakisia kipimo. Nitahitaji kujua uzito wake kwanza.

Mama Furaha (saa 2:15 usiku): Ametulia, na mdomo ameufunga. Nimechemsha nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nikayaacha yapoe hadi uvuguvugu, kisha nikayamimina polepole juu ya jeraha huku Furaha akimshika ndani ya taulo bila kumbana kifua. Manyoya yaliyogandamana na damu sikuyavuta; niliyalowesha mpaka yakaachia yenyewe. Sasa ninaona matundu mawili, si moja. Nipake mafuta ya vidonda?

Papa Amani: Hapana. Mafuta hugandisha manyoya yasiweze kuhifadhi joto, na baadhi ya marhamu za watu zina dawa ya ganzi ambayo ni sumu kwa ndege. Ukiwa na Betadine, izimue kwa maji hadi ifanane na chai hafifu, upake kidogo tu.

Mama Furaha (Jumatano, saa 3 asubuhi): Tumempima kwenye mzani wa dukani, ule wa maharage, akiwa ndani ya soksi ya baba yake: gramu 155. Papa Amani ametuletea dawa ya matone, mara mbili kwa siku, na kwa kuwa njiwa sasa anasimama na kumeza, amenionyesha jinsi ya kuipitisha pembeni mwa mdomo, tone moja moja.

Bibi Nabintu: Anakula?

Mama Furaha: Bado, Bibi. Kinyesi chake ni kidogo na cha kijani.

Papa Amani: Hiyo ni dalili ya tumbo tupu. Mwekee mtama na mahindi yaliyovunjwa, wala si mkate, pamoja na kisahani cha maji chenye kina cha vidole viwili, kwa sababu njiwa hanywi kama kuku.

Mama Furaha (saa 10 jioni): Amekunywa! Alizamisha mdomo karibu na pua, akanyonya bila kuinua kichwa, kisha akadonoa mtama punje tisa. Furaha alizihesabu.

Mama Furaha (Jumapili ya pili): Majirani, dawa imekwisha jana. Hakuna uvimbe wala harufu, na pale palipokuwa wazi yamechomoza manyoya mapya, bado yamo ndani ya ala zake, magumu kama ncha za sindano.

Papa Amani: Msiyaguse, kwa kuwa yana damu ndani. Mwacheni aruke chumbani kwanza, hadi mabawa yote mawili yapige sawa.

Mama Neema: Mnijulishe siku mtakayomtoa uani. Siku hiyo paka atashinda ndani, na tangu sasa ninamfungia kila alasiri.

Mama Furaha: Asante, jirani. Itakuwa Jumamosi, mvua isiponyesha.