Naombeni ushauri: Nyumba ya familia Isyesye (Mbeya), tuuze au tukomae?

Mwana wa Loleza: Wakuu, habari za jioni. Nyumba ya wazazi ipo Isyesye, vyumba vinne, tofali za kuchoma. Mzee aliijenga kidogo kidogo enzi hizo jirani ni mahindi na viazi tu. Leo kulia baa, kushoto maombi ya usiku kucha, na tangu mwezi wa saba maji yanatuingilia mpaka mlango wa jikoni. Mzee alishatangulia, mama yupo pale na mjukuu. Mimi naona tuuze, mama ahamie Uyole kwenye utulivu. Bei za huko zikoje sasa hivi?

Kaka wa Mafiati: Anza na mwenyekiti wa mtaa na bwana afya. Jirani achimbe shimo la maji machafu. Nyumba haiuzwi kwa sababu ya mtaro.

Mama Parachichi: Uyole utulivu? Nilikimbilia huko kukwepa kelele za Mwanjelwa. Pale njia panda malori yanakata kona kwenda Tukuyu na Kyela, breki zinalia hadi alfajiri. Nikapata na mpangaji anayefuga bata chumbani, ila hayo yana uzi wake.

Wakili wa Kijiweni: Hati ina jina la nani? Msimamizi wa mirathi ni nani?

Mwana wa Loleza: Jina la mzee. Msimamizi bado, tupo watatu tu, hatuna ugomvi. Mteja mwenye nia yupo.

Wakili wa Kijiweni: Nia ya mdomo au ya mfukoni?

Mwana wa Loleza: Katanguliza kidogo.

Wakili wa Kijiweni: Kidogo ndio ngapi? Na ni nani?

Mwana wa Loleza: Milioni sita. Ni huyo mwenye baa. Msinirukie, hela sijanywea, nimeezekea kibanda changu Uyole na mama ndiko atakakokaa. Wadogo zangu nitawaambia mambo yakikaa sawa. Wao mama wanamkumbuka Krismasi, gesi na dawa nanunua mimi.

Mama Parachichi: Subiri kwanza. Anayewamwagia maji ndiye anayenunua?

Chapombe Mstaafu: Mimi nipo hapo baa, nimeagiza moja moto moja baridi. Kwa Mbeya zote baridi.

Mzee wa Hekima: Kijana, machozi ya mama hayakauki bure. Na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke!

Wakili wa Kijiweni: Mzee wangu, shikamoo. Hicho kinawahusu wanandoa wote wakiwa hai. Hapa ni mirathi: cheti cha kifo, kikao cha ukoo, muhtasari, kisha mahakama imteue msimamizi. Kabla ya hapo hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, hata awe ndiye mnunua gesi.

Kinyozi wa Soweto: Wakuu, hii ni chai. Mwezi wa saba Mbeya ni vumbi na baridi ya kung'ata, mvua mpaka Novemba. Hayo maji yametoka wapi? Halafu huyu alishaleta uzi wa kuoa Tukuyu, akasema yeye mtoto wa pekee!

Chapombe Mstaafu: Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

Mwana wa Loleza: Nimesema maji, sijasema mvua. Wanaosha glasi na sakafu kila asubuhi, yanakuja na povu na vizibo vya bia. Na mtoto wa pekee nilimaanisha wa kiume.

Kinyozi wa Soweto: Weka picha ya vizibo.

Kaka wa Mafiati: Picha za nini? Mama ameulizwa?

Mwana wa Loleza: Mama akisikia Uyole anaanza kuhesabu migomba yake. Nitamzoesha taratibu.

Wakili wa Kijiweni: Rudisha hela ya watu, mwandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kisha uwapigie wadogo zako leo hii.

Mwana wa Loleza: Nakuelewa mkuu, ila ya kurudisha sina. Yote ipo juu ya paa.

Mama Parachichi: Ng'oa bati.

Mwana wa Loleza: Kwa baridi hii?